Asinyimwe Mtu

Asubuhi moja ya mwaka ule ambao kila kitu kiliadimika, Mwanaasha wa Kigombe alikuwa jikoni anakoroga uji wa unga wa yanga, ule mahindi ya njano ya msaada. Akaudondosha kidogo kwenye kiganja, akauonja kama umeiva. Uji ulikuwa mtamu. Akauonja tena, kisha akamwita binti yake.

"Suhaila, nani katia sukari humu?"

"Sukari ipi tena, mama?"

Swali la haki kabisa. Kijijini sukari ilionekana mara ya mwisho Mfunguo Mosi, wakati wa Idi Ndogo, na hata hiyo waliiona wachache. Duka la kijiji lilikuwa na mizani, lilikuwa na rafu, lilikuwa na muuzaji aliyelifungua kila asubuhi na kulifunga kila jioni kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Watu walikunywa chai kavu isiyo na sukari, wakakunja uso, wakashukuru.

Mwanaasha akatumbukiza kata mtungini, akanywa. Maji yalikuwa na sukari. Akatoka mpaka kisimani, akavuta ndoo, akaonja. Sukari. Akarudi, akapakua uji, wakala wote watatu, na Soud mumewe akalamba bakuli. Hakuna mtu mwenye akili zake anayegombana na uji mtamu.

Kisima chenyewe kilikuwa mbele ya nyumba, upande wa barabara. Alikichimba baba yake Soud, Mzee Yakoub, Mpemba aliyevuka na magunia yake ya karafuu akapapenda Kigombe asirudi tena. Kabla ya kufa alikitoa wakfu kwa ajili ya Mungu, akakijengea kingo za saruji, na saruji ikiwa bado mbichi akaandika kwa msumari: ASINYIMWE MTU. Maji yake yalikuwa ya chumvichumvi kama ya visima vyote vya pwani ile. Yalifaa kuoga na kufua, na kunywa kwa aliyezoea.

Siku hizo Suhaila, aliyekuwa darasa la tano na mtoto pekee wa nyumba ile, alikuwa anayanywa kupita kiasi. Alikunywa akiamka, alikunywa akitoka shule, aliamka usiku kunywa, akaamka tena kwenda chooni. Alikonda mpaka gauni likawa linamvuka begani. Bi Somoe, jirani yao muuza vitumbua, alisema ni mchango tu wa tumboni, akamletea majani ya kuchemsha. Siku Suhaila alipoanguka kwenye mchezo wa rede, wazazi walimpandisha basi la Pangani wakampeleka mjini Tanga, na daktari wa huko akasema mtoto ana ugonjwa wa sukari.

"Daktari," alisema Mwanaasha, "sisi sukari hatujaitia machoni tangu Idi."

"Ya kwenye damu haisimami foleni, mama," alisema daktari.

Akamfundisha kuchoma sindano, kwanza kwenye papai, kisha kwenye paja la mtoto. Akamwambia ni kila asubuhi na kila jioni, maisha yote, na siku isirukwe. Akamwambia dawa inataka mahali pa baridi, je, nyumbani mna friji? Mwanaasha akasema wana kisima. Daktari akafikiri kidogo, akasema kisima kitafaa.

Basi kichupa kikatiwa ndani ya kopo la maziwa, kopo likafungwa kamba, na kamba ikafungwa kwenye msumari upande wa ndani wa kingo. Kopo likaning'inia juu kidogo ya maji, mahali ambapo jua halifiki. Mwanaasha alipovuta ndoo ya kwanza baada ya safari ile, maji yalikuwa yamerudi kwenye chumvi yake. Alilitambua hilo, akaendelea na kazi zake.

Alikuja kuelewa Ijumaa moja, mvua ilipolowesha mkaa na bomba la sindano likachelewa kuchemshwa. Adhuhuri maji ya kisima yalikuwa matamu. Akamchoma mtoto, ilipofika alasiri yakawa ya chumvi. Siku ya pili yake akampa Suhaila ndizi mbili mbivu, akaenda kukaa kingoni na kata yake. Utamu ulipanda taratibu, ukasimama, ukashuka. Akamweleza mumewe. Soud alikuwa fundi cherehani, na mwaka ule alikuwa na cherehani lakini hakuwa na uzi, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kusikiliza.

"Basi tumepata kipimo," alisema Soud. "Hospitali hawana hata kile cha kuchovya kwenye mkojo."

Tangu siku hiyo Mwanaasha aliishi na kata mkononi. Alionja kabla ya sindano na baada ya sindano, kabla ya chakula, akitoka kuswali, akipita tu. Maji yakiwa na chumvi yao ya siku zote, mtoto yuko sawa. Yakikolea sukari, sindano iongezwe kidogo. Yakigeuka chumvi kali ya baharini, hapo sukari ya mtoto imeshuka na haina kungoja: Mwanaasha alijifunga kanga kiunoni akatimua mbio mpaka shuleni na kichupa cha asali ya Mkwaja, akamkuta Suhaila anatetemeka, jasho linamchirizika, herufi zake zinapanda na kushuka kwenye daftari. Mwalimu Praxeda alikwisha zoea. Akimwona mlangoni alisema tu, "Suhaila, mama yako kaja na asali," na somo likaendelea.

Aliyechoshwa na kipimo hicho alikuwa Suhaila mwenyewe.

"Leo nina ladha gani?" aliuliza kila asubuhi, mdomo kaubinua.

"Chumvi."

"Alhamdulillahi. Niende shule, au ningoje ndoo inipe ruhusa?"

Hakuweza kula hata kungu la kuokota njiani lisijulikane. Akirudi alimkuta mama yake kisimani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kata. "Umekula nini saa ya mapumziko?" Suhaila akakitazama kisima kwa chuki. "Chongezi kubwa hili," alisema. Siku moja alikitupia jiwe. Maji yaliruka, yakatulia, yakaendelea kuwa matamu mpaka jioni, kwa sababu alikuwa amekula muwa.

Kisima cha wakfu hakina siri. Bi Somoe ndiye aliyegundua wa kwanza. Vitumbua vyake siku nyingine vilitoka vitamu na siku nyingine havikutoka hivyo, na yeye hakuwa mjinga. Asubuhi moja alikuja na ndoo mbili.

"Shoga, kisima chenu kimeshukiwa na baraka."

"Si baraka, shoga. Ni maradhi ya mtoto. Sukari yake ikipanda ndiyo maji yanakuwa vile."

"Masikini! Na mtoto mwenyewe mzuri vile, ana adabu zake," alisema Bi Somoe, na machozi yakamlengalenga kwelikweli. Kisha akajaza ndoo ya pili.

Haikupita wiki, foleni ikafika barabarani. Watu wa miaka ile hawakuhitaji kufundishwa foleni. Asiyeweza kungoja aliweka jiwe lake mahali pake akaenda shambani, na jiwe likaheshimiwa. Chai ya Kigombe ikawa tamu. Wazee wakarudi barazani na vikombe vyao. Wageni wa chama walipofika kutoka wilayani walinyweshwa birika zima, wakakisifu kijiji kwa kujitegemea, wakaondoka na dumu.

Hakuna aliyemtakia Suhaila mabaya. Hilo lazima lisemwe, maana wasiokuwepo hupenda kudhani. Watu walimpenda, na sasa walimpenda zaidi. Kila asubuhi waliuliza, "Suhaila kaamkaje?" Mwanaasha akijibu, "Hajambo, alhamdulillahi," walisema "Aa," wakatazama ndani ya ndoo zao. Akijibu, "Leo kaamka vibaya," walisema, "Pole sana, Mungu atamponya," na kamba zikashuka kisimani harakaharaka.

Kisha zikaanza zawadi. Huyu alileta ndizi za kisukari, huyu kipande cha fenesi kwenye jani la mgomba, huyu miwa imekwisha menywa. Mtoto mgonjwa anatakiwa ale, walisema. Mwanaasha alipokea akashukuru, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa, na wakienda aliwatupia mbuzi. Lakini hakuweza kuwa kila mahali. Watu walimkuta Suhaila njiani, kwenye chuo cha Kurani, dukani. "Kula, mwanangu. Kipande tu, mama hatajua." Walijua fika kwamba mama atajua. Kijiji kizima kingejua, na ndiyo ilikuwa maana.

Mkesha wa Idi Kubwa wasichana wa darasa lake walimwita nyuma ya chuo. Walikuwa na fenesi zima. Walimweleza kwamba kesho ni Idi na majumbani mwao hakuna cha kutia kwenye tambi. Suhaila akakaa chini, akalifunua, akala nyama yake kokwa baada ya kokwa, wenzake wamemzunguka wanamfutia ulimbo vidoleni kwa mafuta ya nazi.

Idi ile ilikuwa njema. Tambi za kila nyumba zilikuwa tamu, watoto waliimba barabarani, na wageni kutoka Raskazone waliokuja kuwaona jamaa zao walisema mjini hawakuonja kitu kama kile. Suhaila alikuwa chali kwenye kitanda cha kamba, anatapika. Mwanaasha alimchoma sindano, akamzaba kofi, halafu akaketi sakafuni akalia kwa sauti.

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini unifanyie hivi?"

"Wamesema watanichagua wa kwanza kwenye rede," alisema Suhaila.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mwanaasha alikwenda barazani kwa Mzee Mbwana, mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole mwenye kikohozi kisichokwisha. Wazee walikuwa wamejaa. Akawaamkia wote, wakamwitikia wote, wakamuuliza hali ya mtoto.

"Ndiyo iliyonileta," alisema. "Naomba kisima kifungwe, mzee wangu. Si daima. Mpaka mtoto atulie."

Mzee Mbwana alikohoa, akafuta mdomo kwa leso.

"Mwanaasha, mwanangu, kisima kile si changu. Wala si chako. Mkweo alikwisha kitoa, na kilichotolewa kwa Mungu hakifungwi. Nenda kasome mwenyewe alivyoandika."

"Basi mwacheni mtoto wangu. Msimpe vitu."

"Sadaka kwa mgonjwa nayo tuikataze? Tutamjibu nini Mungu?"

Hapo alisimama Eliudi, mganga wa zahanati ya kijiji, ambayo wakati ule ilikuwa na dawa ya bluu ya vidonda na kitanda. Eliudi alisema maneno machache. Alisema mtoto huyu akiendelea kupandishwa sukari atakufa, na kwamba kila anayejaza ndoo tamu ajue anakunywa nini. Watu walimsikiliza kwa makini. Eliudi aliheshimiwa sana. Mzee Mbwana akasema neno la mganga ni zito na haliwezi kupuuzwa, kwa hiyo Suhaila asomewe dua palepale. Wakainua mikono, wakasoma dua ndefu nzuri, wengine wakilia. Ilipokwisha ikaletwa chai.

Baada ya hapo dawa ilikwisha hospitali. Daktari yuleyule alimwonyesha Mwanaasha kabati, akamfungulia milango yote miwili ili aone. Alimwambia arudi mwezi ujao, akamtazama machoni wakati anasema, kisha akatazama pembeni. Soud akauza cherehani, akavuka mpaka kwa njia za panya hadi Mombasa, akarudi na kichupa kimoja ndani ya kofia. Alikuwa amevimba miguu. Kichupa kikatiwa kwenye kopo, kopo likashushwa kisimani.

Mwanaasha akasimama mbele ya foleni. "Jamani, nawaomba. Ile kamba ya kwenye msumari ni roho ya mwanangu. Shusheni ndoo upande huu mwingine."

"Tumesikia, shoga," alisema Bi Somoe, akageukia nyuma. "Nyie! Mmesikia? Atakayeligusa kopo nitamla nyama!"

Na walitunza. Siku nyingi walishusha ndoo upande wa pili, kwa utaratibu, na mama waliwakanya watoto wao. Hilo nalo lisemwe.

Lakini ukafika Mfunguo Sita, na mwaka ule ilikuwa zamu ya Kigombe kualika vijiji jirani kwa Maulidi. Siku mbili kabla, mapipa yalipangwa uwanjani yajazwe maji ya chai na ya sharubati. Walikuja wapishi, walikuja vijana wa kusaidia kutoka kila upande, kila mtu na debe lake, na foleni ikawa si foleni tena. Mwanaasha alikuwa ndani anamfunga Suhaila nywele. Alisikia mlio mdogo, wa kitu kilichogonga saruji. Akatoka mbio, akavuta kamba. Kopo lilikuwa limebonyea, na ndani mlikuwa na vigae vya chupa na tone moja.

"Nani?" aliuliza.

Kila mtu alikuwa ameshika debe, na madebe yote yalifanana.

Kisima ndicho kilichopata sindano ile. Asubuhi kilikuwa na utamu kidogo. Haukupita muda kikawa cha chumvi, chumvi safi ya siku za Mzee Yakoub, na mapipa ya Maulidi yalikuwa bado nusu. Wapishi walionja wakatema. Mtu mmoja akauliza ni nani aliyetia madawa kwenye wakfu. Mzee Mbwana aliitwa, akaonja, akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema kwa desturi hilo lina faini, lakini kwa kuwa Mwanaasha ana mgonjwa, atasamehewa. Alimwomba tu asirudie.

Soud aliondoka saa ileile, kavaa viatu vya kuazima. Akafika Mombasa, akakipata kichupa kingine kwa Mhindi mmoja muuza dawa aitwaye Pyarali, aliyekataa kupokea chochote, na juu yake akamtilia miche miwili ya sabuni ampelekee mkewe. Sabuni ndiyo iliyomponza. Mpakani mgambo walimpekua, wakaiona, na wakati ule mtu mwenye miche miwili ya sabuni alikuwa mlanguzi. Aliwaeleza habari ya mtoto. Aliwaeleza hata habari ya kisima. Walimwamini, mmoja wao alikuwa na binamu Kigombe na aliwahi kunywa chai yake. Wakamweka ndani hata hivyo, na kichupa wakakiweka juu ya meza, dirishani, juani, kiwe ushahidi.

Siku ya Maulidi hakuna aliyekumbuka tena habari ya chumvi. Tangu jana yake kisima kilikuwa kimeanza kurudi, na kufika alasiri, wakati wageni wanaketi mikekani, maji yalikuwa mazito kwa utamu, yananata vidoleni. Sharubati ilipikwa kwa maji na rangi tu. Wageni waliomba kikombe cha pili, cha tatu, wakawaonea wenyeji wivu.

Suhaila alikuwa ndani. Alipumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake ilinuka embe lililoiva mno. Macho yalikuwa yamezama. Kaswida ziliingia dirishani, na midomo yake ilikuwa inajaribu kuzifuata.

"Mama."

"Labeka, roho yangu."

"Leo nina ladha gani?"

Mwanaasha alichukua kata, akatoka. Watu walimpisha, walimwita dada, walimwita mama Suhaila, mmoja akamchotea yeye mwenyewe ili asihangaike na kamba. Alionja. Midomo ilinata. Alisimama pale kitambo, kata mkononi, anaangalia maandishi ya mkwewe kwenye saruji, kisha akarudi ndani.

"Chumvi, mwanangu."

"Alhamdulillahi," alisema Suhaila. "Basi kesho niende shule."

Alikufa kabla ya kaswida ya mwisho. Maziko hayakuwa na taabu, maana watu walikuwa wamekwisha kusanyika na mashehe walikuwepo wa vijiji vyote. Mzee Mbwana alisema ni dalili njema kufa siku kama hiyo. Bi Somoe alilia mpaka sauti ikamkauka, akagaragara, ikabidi ashikwe na wanawake watatu. Wala hakuwa anaigiza, alimpenda mtoto yule tangu hajaota meno. Wenzake wa rede walikuja na sare zao za shule wakakaa wameegemea ukuta.

Kisima kilibaki kitamu mpaka hitima, kwa hiyo chai ya matanga haikusumbua. Baada ya hitima kikarudi chumvi. Foleni ikapungua, ikakatika, na watu wakayaondoa mawe yao.

Soud aliachiwa mwezi wa Ramadhani, kesi imefutwa, na kwa kuwa kesi ilifutwa walimrudishia mali yake. Sabuni hazikuonekana. Kichupa kilikuwepo, dawa imegeuka rangi kama chai. Mwanaasha alikipokea, akakitia kwenye kopo jipya, akalifunga kamba, akalishusha kisimani mahali pake. Soud alimtazama akifanya hivyo.

Miaka ikapita, ikaja ile ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Kila kitu kikarudi. Sukari ikaja kwa magunia, nyeupe na ya kahawia, kutoka nchi ambazo watu hawakuweza kutaja majina yake. Duka la kijiji likapata mtu binafsi, akalipaka rangi. Dawa nayo ikaja mjini, kwenye maduka ya milango ya vioo, imepangwa ndani ya friji zenye taa. Mwenye uwezo alinunua, na asiye nao aliruhusiwa kuitazama. Sukari vilevile. Kigombe wengi waliendelea kunywa chai kavu, ila sasa wakijua sukari iko wapi.

Mwanaasha hakuacha kuonja. Kila alfajiri, akitoka kuswali, alivuta ndoo, akatia kata, akanywa funda moja. Chumvi. Watu walimzoea, walisema msiba ulimgusa kichwa kidogo, nao walimwamkia vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Soud alizeeka, akafa. Mzee Mbwana akafa na kikohozi chake. Chumvi, chumvi, chumvi.

Asubuhi moja ya kipupwe alionja, akashusha kata. Akaonja tena. Sukari, kidogo, ya mbali, lakini sukari. Hakuwa na mtoto ndani, wala mjukuu. Akajua papo hapo kwamba yuko mtu mdogo mahali fulani kijijini ambaye kisima kimeanza kumsema. Akajifunga kanga kiunoni na kuanza nyumba ya kwanza.

"Hodi! Mna mtoto anayekunywa sana maji?"

Nyumba ya kwanza walisema hapana, wakamkaribisha chai. Ya pili walisema hapana, halafu wakamuuliza kwa nini anauliza, na alipowaambia, mama wa nyumba akatazamana na mumewe, akaingia ndani akatoka na ndoo. Ya tatu hapakuwa na mtu. Ya nne hapakuwa na mtu. Habari ilikuwa na miguu kuliko yeye. Kila mlango aliofikia ulikuwa umerudishiwa na jiko limeachwa linafuka, na alipogeuka nyuma aliona kule kwake watu wanapanga mawe.

Kwa Bi Somoe mlango ulikuwa wazi. Kizingitini alikaa mjukuu wake, Mwanakombo, peke yake, na mtungi pembeni. Alikuwa anakunywa kwa kata. Akamaliza, akachota, akanywa tena. Gauni lilikuwa linamvuka begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakunywa hivyo tangu lini?"

"Kila siku, bibi. Nina kiu."

Mwanaasha alirudi mbio, mwanamke mzima wa umri ule, kanga inamwanguka. Alimkuta Bi Somoe karibu na kingo, ndoo moja imejaa miguuni, nyingine mkononi.

"Shoga, toka hapo! Ni Mwanakombo. Ni maradhi yaleyale ya Suhaila. Basi la mjini halijapita, mchukue twende nalo, dawa siku hizi ipo, tutaipata kwa vyovyote, nitauza nyumba. Toka, shoga!"

Bi Somoe aligeuka. Uso ulimbadilika, alielewa, maana hakuwahi kuwa mjinga. Alitazama nyumbani kwake, akatazama barabara, ambapo vumbi la basi lilikuwa limekwisha onekana kule kwenye mashamba ya mkonge. Kisha akatazama mbele yake. Kwenye foleni alibaki mtu mmoja tu.

"Nakuja, shoga," alisema, machozi yanamtiririka. "Nakuja sasa hivi. Ngoja kwanza nijaze na hii."